Lincoln aliwakomboa watumwa, au watumwa walijikomboa wakamlazimisha atie saini?

Mchimba Kumbukumbu · #1

Wakuu, salaam.

Jana usiku nilikuwa namsaidia mwanangu wa kidato cha tatu kujisomea. Kwenye daftari lake nikakuta: "Abraham Lincoln aliwapenda watu weusi, ndiyo maana akapigana vita ili kuwatoa utumwani." Sentensi hiyo niliiandika na mimi miaka ishirini na kitu iliyopita, karibu neno kwa neno. Nikamwambia aifute. Akanitazama: "Baba, sasa niandike nini?" Hapo nikakwama.

Hoja yangu ni hii. Lincoln, aliyekuwa rais wa Marekani majimbo ya Kusini yalipoasi na vita ikazuka, alipigania Muungano, yaani nchi ibaki moja. Utumwa aliugusa pale alipobanwa. Tarehe 22 Agosti 1862 alimwandikia mhariri wa gazeti, Horace Greeley, kwamba kama angeweza kuuokoa Muungano bila kumwachia huru mtumwa hata mmoja angefanya hivyo. Kama ni kwa kuwaachia wote, angefanya. Na kama ni kwa kuwaachia baadhi na kuwabakiza wengine, angefanya pia. Hayo ni maneno ya mkombozi?

Halafu lile Tangazo la Ukombozi la tarehe 1 Januari 1863 liliwahusu watumwa wa maeneo yaliyoasi tu, huko ambako wengi hawakumtambua kama rais wao. Kwenye majimbo manne ya watumwa yaliyobaki upande wake, yaani Delaware, Maryland, Kentucky na Missouri, mtumwa alilala mtumwa akaamka mtumwa.

Mimi naamini watumwa walijikomboa kwa miguu yao, na Lincoln akafuata nyuma na kalamu. Nawasilisha.

Kobe Mzee · #2

Mkuu, barua ya Greeley kila mtu anaitaja na karibu kila mtu anaikata mkia. Mwisho wake anasema aliyoyaeleza ni wajibu wake kama rais, na kwamba hajabadili matamanio yake binafsi aliyoyasema mara nyingi: watu wote, kila mahali, wawe huru.

Na kuna jambo Greeley hakulijua. Siku anaisoma barua hiyo, rasimu ya Tangazo ilikuwa tayari imekaa ndani. Lincoln aliwasomea mawaziri wake tarehe 22 Julai, mwezi mzima kabla. William Seward, waziri wa mambo ya nje, akamshauri asubiri jeshi lishinde kwanza, dunia isije ikadhani ni kilio cha mtu anayezama. Ushindi, tena wa kuokoteza, ukapatikana Antietam tarehe 17 Septemba. Siku tano baadaye akatoa onyo rasmi kwa waasi: mkifika Januari mosi bado mmeasi, watumwa wenu huru.

Barua ile alikuwa anawatayarisha wazungu wa Kaskazini wameze kitu ambacho wengi wao hawakukitaka.

Jirani wa Nakuru · #3

Nimeketi hapa mbele kabisa. Ila neno "Muungano" likishatajwa na wenzetu wa Bongo huwa uzi unahamia kwingine. Leo tubaki Marekani tafadhali.

Wakili wa Kijijini · #4

Jirani umetuwahi 😄 Haya, tunabaki huko.

Mnasahau sheria. Katiba ya Marekani ya wakati ule iliulinda utumwa ndani ya majimbo. Rais hakuwa na uwezo wa kuamka asubuhi akaufuta. Alichokuwa nacho ni mamlaka ya amiri jeshi mkuu: wakati wa vita anaweza kumnyang'anya adui nyenzo zake. Mtumwa anayelima chakula cha jeshi la waasi na kuchimba mahandaki yao ni nyenzo ya vita. Ndiyo maana Tangazo ni kavu kama hati ya kiwanja, na ndiyo maana halikuigusa Kentucky, ambayo haikuasi.

Mkumbuke nani alikuwa Jaji Mkuu: Roger Taney, yuleyule aliyeandika hukumu ya Dred Scott mwaka 1857 kwamba mtu mweusi hawezi kuwa raia wa Marekani. Lincoln angevuka mstari hatua moja, kesi ingeishia mezani kwa Taney.

Kwa hiyo alijua Tangazo ni kufuli la muda. Akasukuma Marekebisho ya 13 ya Katiba, ya kuufuta utumwa nchi nzima. Baraza la Wawakilishi liliyapitisha tarehe 31 Januari 1865, kura 119 kwa 56. Kabla ya hapo yalikuwa yamekwama humohumo mwaka 1864.

Mchimba Kumbukumbu · #5

Wakili, sheria nimeielewa. Lakini sheria haimwelezi mtu yuleyule mwaka 1858 akiwa Charleston, Illinois, kwenye mdahalo na Stephen Douglas, akiuambia umati kwamba hakuwahi kuunga mkono usawa wa kijamii na kisiasa kati ya weupe na weusi, wala weusi kupiga kura, wala kuwa wazee wa baraza mahakamani. Hapo hapakuwa na vita wala Jaji Mkuu. Palikuwa na kura za useneta tu. Na useneta wenyewe akaukosa.

Ngano za Bibi · #6

Hayo aliyasema, hayafutiki. Ila nina kisa kingine cha mtu huyuhuyu.

Mwaka 1841 Lincoln alisafiri kwa meli ya mvuke kwenye mto Ohio. Ndani yake kulikuwa na watumwa kumi na wawili, wamenunuliwa Kentucky wanapelekwa Kusini. Walifungwa sita sita, kila mmoja na pingu ndogo ya chuma kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, imeungwa kwenye mnyororo mkuu. Akamwandikia dada wa rafiki yake kwamba walionekana kama samaki kwenye mshipi wenye ndoana nyingi. Lakini barua yenyewe ni nyepesi, anashangaa jinsi walivyokuwa wanacheka na kucheza karata.

Miaka kumi na minne ikapita. Mwaka 1855 akamwandikia rafiki mwenyewe, Joshua Speed, ambaye familia yake ilimiliki watumwa: unaikumbuka safari ile? Yale niliyoyaona yamenitesa mfululizo.

Tukio lilelile, macho yaleyale. Kilichobadilika ni nini katikati? Mimi ndilo swali ninalotaka lijibiwe, kuliko nani atie saini.

Mwana wa Fizi · #7

Jambo bandugu. Mimi ninaishi Louisville, Kentucky, tuko Wakongomani wengi hapa, na Kiswahili unakisikia hata kwenye foleni ya duka. Lincoln alizaliwa jimbo hili, karibu na Hodgenville, tarehe 12 Februari 1809. Ni kama saa moja kwa gari kutoka kwangu.

Nilipeleka watoto mwaka juzi. Wamejenga jumba la mawe juu ya kilima, kama hekalu, na ngazi zake ni 56, moja kwa kila mwaka aliouishi. Binti yangu alizihesabu kwa sauti mpaka juu. Ndani ya hekalu lile kuna kibanda kimoja cha magogo, kidogo, giza. Mlinzi anakuambia wazi kwamba magogo haya si ya nyumba ile halisi, ni ya baadaye. Chini kidogo iko chemchemi ambako familia yake ilichota maji, na hiyo ndiyo halisi, maji bado yanatoka. Nilikaa pale muda mrefu kuliko kwenye hekalu. Sisi tuliokimbia vita tunajua kuteka maji ni nini.

Sasa mleta mada, kuhusu Kentucky uko sawa. Jimbo alimozaliwa liliyakataa Marekebisho ya 13 mwaka 1865. Likaja kuyaridhia mwaka 1976. Elfu moja mia tisa sabini na sita! Alipokufa tarehe 14 Aprili, nyumbani kwao watu walikuwa bado wanamilikiwa.

Fundi Saa · #8

Ndugu wa Louisville, asante kwa chemchemi. Sahihisho dogo tu: alipigwa risasi usiku wa tarehe 14 Aprili 1865, kama saa 4 na robo, ndani ya ukumbi wa maigizo wa Ford's. Alifariki tarehe 15, saa 1 na dakika 22 asubuhi, kwenye nyumba ya kupangisha ng'ambo ya barabara. Alikuwa mrefu, sentimita 193, kitanda kikawa kifupi, wakamlaza mshazari.

Mwana wa Fizi · #9

Nimeshukuru Fundi. Nitamwambia binti, yeye ndiye anapenda kunikosoa.

Mchimba Kumbukumbu · #10

Narudi kwenye hoja ya miguu.

Usiku wa tarehe 23 Mei 1861, vita ikiwa na wiki sita tu, watu watatu walipiga kasia kuvuka maji hadi ngome ya Monroe, Virginia, iliyokuwa mikononi mwa jeshi la Kaskazini. Majina yao yanajulikana: Frank Baker, Shepard Mallory na James Townsend. Mabwana wao walikuwa wanawajengesha ngome ya mizinga ya waasi. Kesho yake afisa wa waasi akaja na bendera nyeupe kudai "mali" irudishwe kwa mujibu wa sheria ya watumwa watoro. Jenerali Benjamin Butler, ambaye uraiani alikuwa wakili, akamjibu: Virginia mnasema sasa ni nchi ya kigeni, basi sheria ya Marekani hamuwezi kuidai. Nawashikilia kama mali ya adui.

Habari ikasambaa mashambani. Ndani ya siku chache wakaja kwa makumi, kina mama na watoto mgongoni, baadaye kwa maelfu. Jeshi likajikuta na watu ambao haliwezi kuwarudisha wala kuwapuuza. Lincoln hakumtuma mtu. Watatu wale na kasia zao ndio waliomlazimisha kuanza kufikiri.

Na jenerali Frémont alipotangaza uhuru wa watumwa wa waasi Missouri, Agosti 1861, nani aliitengua amri? Lincoln. Jenerali Hunter alipofanya hivyo Mei 1862 kwa Georgia, Florida na South Carolina? Akatengua tena.

Kobe Mzee · #11

Aliitengua ya Frémont kwa sababu ya Kentucky hiyohiyo ya ndugu yetu. Alimwandikia rafiki yake Septemba 1861 kwamba kuipoteza Kentucky ni karibu sawa na kupoteza mchezo wote. Tazama ramani: mto Ohio ndio mpaka wake wa kaskazini. Kentucky ikienda Kusini, Missouri na Maryland zinafuata, na Washington iko katikati ya Maryland na Virginia. Hapo mtumwa anakombolewa na nani?

Miguu iliwafikisha ngomeni, nakubali. Lakini ngome ilikuwepo kwa sababu kuna mtu alikataa kuwaachia waasi waende zao. Uchaguzi wa Novemba 1860 alipata kama asilimia 40 tu ya kura za wananchi, wapinzani watatu wakigawana zilizobaki. Angekuwa mwingine, pengine pangepatikana suluhu, na suluhu zote zilizokuwa mezani zilikuwa za kuulinda utumwa.

Binti Unguja · #12

Asalaam alaykum. Nimesoma kimya tangu asubuhi, sasa naomba niseme la huku kwetu, kwa sababu linahusiana kweli.

Tarehe 16 Aprili 1862, kabla ya Tangazo, Lincoln alitia saini sheria ya kuufuta utumwa ndani ya mji wa Washington. Watu zaidi ya 3,000 wakawa huru. Serikali ikalipa hadi dola 300 kwa kila kichwa. Nani alilipwa? Bwana. Mtumwa aliahidiwa hadi dola 100 iwapo atakubali kuihama nchi.

Unguja soko la watumwa lilifungwa 1873 zama za Sayyid Barghash, lakini utumwa wenyewe kisheria uliendelea mpaka 1897. Na hapo pia waliolipwa fidia ni mabwana. Mtumwa alitakiwa aende mwenyewe mahakamani kuomba uhuru wake, na masuria waliachwa nje ya amri ile mpaka 1909. Bibi mzaa bibi yangu alikuwa katika hao walioachwa. Kwetu halisemwi mbele ya wageni, na mimi nimelisikia mara moja tu, siku ya msiba, tumekaa jamvini.

Kwa hiyo nikisoma "Lincoln aliwaachia", mimi hutafuta kwanza aliyelipwa.

Kamusi Hai · #13

Binti Unguja, pole na ahsante kwa kuliweka hapa.

Kuna uzi mwingine kati ya vita ile na sisi, uzi wa pamba hasa. Kitambaa cha merikani, kile kizito kisichotiwa dawa wala rangi, kilipata jina kwa sababu kililetwa na Wamarekani. Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walikuwa Unguja tangu zama za Sayyid Said. Mkataba wao ni wa 1833. Wakileta merikani, wakichukua pembe za ndovu, karafuu na sandarusi. Bara kilikuwa kama fedha: msafara ulilipa hongo kwa doti na majora ya merikani, mikono ikapimwa kwa kiwiko.

Pamba ya viwanda vya Massachusetts ilitoka wapi? Mashamba ya Kusini, imechumwa na watumwa. Na hapa Unguja merikani ndiyo ilikuwa nguo ya watumwa wanaume, na wanawake walivaa kaniki, ambayo mara nyingi ni merikani iliyotiwa rangi ya giza. Mtumwa wa Mississippi alichuma pamba akamvisha mtumwa wa Unguja, na wote wawili hawakulijua hilo.

Vita ilipozuka 1861 pamba ikaadimika, merikani ikapanda bei, na nguo za Uingereza na za Bara Hindi zikaingia sokoni kwetu. Vita ya Lincoln ilifika mpaka kwenye mizigo ya wapagazi.

Jirani wa Nakuru · #14

Kamusi, hii ya #13 nitaisoma tena nikiwa nimetulia.

Lakini hakuna aliyeligusa jambo la kuwahamisha. Tarehe 14 Agosti 1862 Lincoln aliwaita wajumbe watano weusi ikulu, akawaambia ni afadhali jamii zao mbili zitengane, na kwamba watu wao waende Amerika ya Kati. Tena akawaambia kama si uwepo wao vita isingekuwepo! Mwaka uliofuata watu zaidi ya 400 wakapelekwa kisiwa cha Île-à-Vache, Haiti, chini ya mfanyabiashara aliyewaahidi nyumba. Nyumba hakuna. Ndui, njaa, vifo. Mwaka 1864 serikali ikatuma meli kuwarudisha waliobaki. Mtu anayesema alikuwa mkombozi tangu mwanzo anieleze hilo.

Ngano za Bibi · #15

Jirani, hilo silitetei. Naliweka pembeni ya lingine la mwaka huohuo.

Agosti 1860 manowari ya Marekani ilimkamata nahodha Nathaniel Gordon nje ya mdomo wa mto Congo, melini mna watu 897, wengi wao watoto. Sheria ya 1820 iliifanya biashara hiyo kuwa uharamia, adhabu yake kifo. Miaka arobaini hakuna aliyewahi kunyongwa, kila mmoja alipata upenyo. Watu wa heshima New York wakamwandikia Lincoln ambadilishie adhabu. Lincoln alijulikana kwa kusamehe, askari watoro aliwasamehe wengi. Huyu akampa wiki mbili tu za kujiandaa kufa. Gordon akanyongwa tarehe 21 Februari 1862. Siku moja kabla, mtoto wa Lincoln, Willie, alikuwa amefariki kwa homa ikulu.

Gordon ndiye Mmarekani pekee aliyenyongwa kwa kosa hilo. Hapakuwa na kura wala jeshi la kupata hapo.

Mwana wa Fizi · #16

Mdomo wa mto Congo… 897. Asante Ngano. Hii sikuijua, na mto ni wetu.

Wakili wa Kijijini · #17

Tusiache wanajeshi. Askari weusi karibu 180,000 waliingia jeshi la nchi kavu baada ya Tangazo. Mwanzoni walilipwa dola 10 kwa mwezi, wakikatwa 3 za nguo, mweupe analipwa 13. Kikosi cha 54 cha Massachusetts kilikataa kupokea mshahara wowote kuliko kupokea pungufu, na wakiwa hawajalipwa wakaishambulia ngome ya Wagner, Julai 1863. Mshahara ukasawazishwa Juni 1864. Ukiuliza nani alimbadilisha Lincoln, mimi nasema hao. Aprili 1864 aliandika mwenyewe: kama utumwa si kosa, basi hakuna kilicho kosa. Na kwenye barua hiyohiyo akakiri kwamba si yeye aliyeyaongoza matukio, bali matukio ndiyo yaliyomwongoza.

Mchimba Kumbukumbu · #18

Wakili, basi umehamia upande wangu.

Wakili wa Kijijini · #19

Nusu mguu tu, usinivute 😄

Kobe Mzee · #20

Tumsikilize aliyemjua. Frederick Douglass alizaliwa mtumwa Maryland, akatoroka, akamshambulia Lincoln magazetini, kisha akaingia ofisini kwake Agosti 1863 kudai haki za askari hao. Tarehe 14 Aprili 1876 alihutubia Washington, sanamu ya Lincoln ikizinduliwa. Rais Grant ameketi pale. Douglass akasema Lincoln alikuwa, kwanza kabisa, rais wa watu weupe. Akasema ukimtazama kutoka upande wa wapinga utumwa halisi, alikuwa mzito, baridi, asiyejali. Ukimpima kwa hisia za nchi aliyoiongoza, alikuwa mwepesi na mwenye msimamo mkali.

Vyote viwili kwa pumzi moja. Hakuchagua.

Binti Unguja · #21

Na sanamu hiyo ililipiwa na waliokuwa watumwa. Mchango wa kwanza, dola 5, ulitoka kwa mama mmoja, Charlotte Scott, ni pesa aliyoipata akiwa huru, aliposikia Lincoln ameuawa. Lakini walioichonga wakamweka Lincoln amesimama na mtu mweusi amepiga goti chini yake. Hela zetu, goti letu. Nakala yake ya Boston iliondolewa Desemba 2020. Ya Washington ipo.

Nafikiri sana juu ya dola 5 za mama yule. Mtu hatoi akiba yake ya kwanza kwa mtu asiyemaanisha kitu kwake. Hapo ndipo hoja ya #1 inanisumbua, ingawa nimeipenda.

Fundi Saa · #22

Wanaosema hotuba ya Gettysburg, ile Lincoln aliyoitoa kwenye makaburi ya askari wa vita hiyo, aliiandika kwenye bahasha ndani ya treni (hakuna aliyesema hapa, ila najua anakuja), siyo kweli. Alianza kuiandika Washington. Maneno kama 270, dakika mbili hivi, tarehe 19 Novemba 1863. Aliyemtangulia, Edward Everett, alizungumza saa mbili nzima.

Mchimba Kumbukumbu · #23

Wakuu, shukrani. Nimemsomea kijana uzi wote. Sentensi yake ya kwanza ameikata kwa mstari mmoja, lakini bado inasomeka. Chini yake ameandika majina ya wale watatu wa kasia, halafu dola 5 za Charlotte Scott. Nimemwambia mtihani hautauliza hayo. Kasema anajua.

Mimi bado nasimama na miguu.

Ngano za Bibi · #24

Simama, mkuu. Ila mwambie aongeze Aprili 11, 1865. Lincoln dirishani ikulu, usiku, akisema hadharani kwamba angependa weusi wenye elimu na waliokuwa askari wapige kura. Mtu wa Charleston, yuleyule wa #5. Chini kwenye umati alikuwepo John Wilkes Booth, ndiye aliyekuja kumuua, akasikia. Siku tatu baadaye ndiyo Ford's.

Jirani wa Nakuru · #25

Wenye elimu na askari tu? Na wengine je?